Maji ya Moto ya Bibi Mpishi

Fyuuuu! Hivyo ndivyo alivyokula tambi. Aliinamia bakuli, akazinasa kwa vijiti viwili, akazivuta kwa mdomo mpaka ncha ya mwisho, na mlio ule ukatoka bandani kwake, ukashuka ukingo wa mto, ukawafikia wapiga pondo waliokuwa wakifunga mitumbwi. Wageni walidhani kuna mtu anakabwa. Sisi wenyeji tulijua tu kwamba Bibi Mpishi amekaa kula, na kwamba unga wa ngano umefika kutoka Lamu. Tangu siku zile nimesikia ngoma, nimesikia kengele ya misheni, nimesikia vilio vya matanga mengi mno, lakini nikifumba macho mlio unaonijia wa kwanza ni huo.

Mama yangu alichukizwa nao. "Mtu mzima anakula kama ng'ombe anayechomoa mguu matopeni," alisema. Mimi mdomo wangu haujawahi kufungika, kwa hiyo siku moja nikamwuliza mwenyewe: mbona hali kimya kama watu? Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini anapumua.

"Ukila kimya, mpishi atajuaje umefurahi?"

"Lakini Bibi, mpishi si wewe mwenyewe?"

"Basi najisifu. Hapa Garsen nani mwingine atanisifu?"

Alikuwa Mjapani. Nasema mapema ili msomaji asihangaike. Jina lake siliandiki, kwa sababu hakupenda litajwe na watu wasioweza kulitamka, na mimi ni mmoja wao. Kila mtu mtoni alimwita Bibi Mpishi, toka Garsen mpaka Golbanti na Ngao, na hata Kipini kwa mabaharia. Alikuwa mfupi, mabega yamekaza kama ya mpiga pondo, nywele amezifunga utosini kwa kijiti kilekile alichoweza kukichomoa na kukorogea mchuzi. Banda lake lilikuwa la makuti ya mkoma, mahali mto unapojikunja, karibu na kivuko ambacho Waorma huvushia ng'ombe wao. Shamba letu la mpunga lilipakana naye. Ndiyo kusema nimekua nikila kwenye mabakuli yake, na elimu yangu ni ile ndogo ya shule ya misheni pale Ngao, ya kutosha kuandika haya na kukosea hapa na pale.

Ukimwuliza ametoka wapi, jibu lilitegemea umekaa wapi. Wapiga pondo aliwaambia babake alikuwa mwosha samaki wa mfalme. Nahodha wa Kipini aliambiwa mumewe ana meli ya moshi na atakuja kumchukua mvua zikiisha. Mwalimu wa misheni alipopita, Bibi alikuwa mjane mcha Mungu. Sisi wasichana alituambia alitotolewa na yai. Alidanganya kwa raha, kama mtu anayechambua njugu, na ukimkumbusha uongo wa jana alikuongezea mwingine juu yake.

Mara moja tu aliniambia neno ambalo nadhani lilikuwa la kweli, na hata hilo alilisema akiwa amenipa mgongo, anaosha mchele. Alisema aliletwa Unguja kwa meli, yeye na wasichana wenzake, wote wadogo kuliko nilivyokuwa mimi siku ile. Waliahidiwa kazi ya jikoni. "Haikuwa nyumba ya kupika," akasema. Akabadilisha maji ya mchele. Wenzake walikufa mmoja mmoja kwa homa. Kisha mtu mmoja mwenye tamaa ya kulima pamba akamtoa Unguja, akamleta Tana, naye akafa, na vibarua wake wakatawanyika. Bibi akabaki na kisu, vyungu, na pipa dogo la mti lililojaa pumba.

Hilo pipa nililiogopa mwanzoni. Lilikuwa na pumba za mpunga zilizoloweshwa kwa maji ya chumvi, zinanuka kama kwapa la mtoto aliyelala juani, na kila asubuhi alitumbukiza mkono mpaka kiwikoni, akazigeuza, akazipigapiga kwa kiganja zikakaa sawasawa. Ndani yake alifukia matango, biringani na vipande vya papai bichi. Alivifukua kesho yake vimekuwa vikali, vyenye chumvi, vinalia kati ya meno, na wali mtupu ukawa karamu. Alisema zile pumba ziko hai, na mkono mwingine ukiingia ladha inageuka. Ndiyo maana hakuwahi kuniruhusu, ingawa nilimbembeleza sana.

Wali wake ndio uliomgombanisha na Mama. Msimu wa kwanza alikuja shambani kwetu, akaokota punje mbichi, akazitafuna akiwa amefumba macho. Akanunua mpunga wote uliokuwa ghalani. Mama akafurahi mpaka alipoonja matokeo: wali bila nazi, bila chumvi, unaoshikana kama udongo wa mfinyanzi.

"Huu ni uji wa mgonjwa," Mama akasema, "umeshindwa njiani."

"Wewe nazi yako inapiga kelele," Bibi akamjibu. "Mchele wako mwenyewe umewahi kuusikia?"

Hawakusemezana mpaka mvua zilizofuata. Lakini nilimwona Mama, akidhani hayupo mtu, anapika wali mtupu katika chungu kidogo na kuuonja polepole, uso umemkunjamana kwa kufikiri.

Mimi nilipenda mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka anayejificha chini ya mizizi. Watu wetu walimla wakikosa kingine. Bibi alimpasua mgongoni kwa mkato mmoja, akamtunga kwenye njiti, akamchoma juu ya makaa huku akimpaka asali iliyochanganywa na kunde alizozivundika mpaka zikawa nyeusi. Mafuta yalidondoka, moshi ukapanda, na mitumbwi iliyokuwa ikiteremka Ngao ikageuza vichwa. Nilipomtia mdomoni mara ya kwanza nililia kidogo. Kisha nikaanza kuota, ndivyo nilivyo. Alikuwa ameniambia kwao kuna majira ambayo kitu cheupe kama unga huanguka kutoka juu na kufunika mashamba, basi nikawaona wanawake wote wa Japani wametoka na nyungo zao kukinga, na mimi nimo kati yao, nina banda langu la chakula na kibao mlangoni. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniambia, "Usiende mahali kwa sababu ya chakula. Mimi nilikwenda kwa sababu hiyo."

Msidhani alikuwa mpole. Mteja aliyekoroga wali na mchuzi pamoja alipigwa kwa kijiti kwenye vidole. Mpiga pondo mmoja alifunua chungu cha wali kabla haujakaa, akafukuzwa hadi majini, na Bibi akamfuata na mwiko akipiga kelele kwamba ameuvua wali nguo. "Huyu mwanamke atatuua kwa ajili ya mvuke!" yule bwana alipaaza sauti kutoka mtumbwini, na wenzake wakamjibu, "Afadhali mvuke, mkeo hutuua kwa moshi!" Kesho yake alirudi. Wote walirudi. Na Bibi yuleyule, akija mzee asiye na meno, alikaa naye kitako na kumtolea miiba ya samaki mmojammoja kwa vile vijiti, bila kusema neno, hata kama banda limejaa watu wenye njaa.

Jambo moja alilishika kuliko yote. Alikuwa na mafiga ya vyungu vitatu, na kila asubuhi alisimama mlangoni na kutangaza kilichomo ndani ya kila kimoja. Chungu hiki kina tembo la mnazi, Mwislamu asile. Hiki kina samaki. Hiki hakina tembo wala samaki wala chochote kilichogusana navyo. Nahodha wa Kipini, mtu wa mzaha, aliwahi kuvutiwa na harufu ya kile cha kwanza.

"Bibi, nipe kidogo. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe kila siku unatudanganya! Mumeo mwenye meli yuko wapi?"

"Mdomo wangu unadanganya," akasema. "Chungu changu hakidanganyi. Ukitaka kudanganywa, kaa tuzungumze. Ukitaka kula, kula pale."

Nahodha akahamia chungu cha tatu, na tangu hapo akawaambia wenzake kwamba mtoni kote kinywa chake kinalala salama mahali pamoja tu.

Kwa sababu hiyohiyo Waorma walikuja. Hao ni watu wa ng'ombe na hawali samaki. Kwao si suala la kupenda. Aliyekula samaki ameshuka, amejitoa kwa watu wake, na aibu ile hawaiachi imfuate yeye peke yake, huwafuata na wanawe. Hata harufu hawaivumilii. Walipovusha ng'ombe walikaa upande ambao upepo unatoka, wakaleta maziwa yao wenyewe, na Bibi akawapikia wali katika kile chungu cha tatu na kukifunika kwa jani ili moshi wa mkunga usikiguse. Wanawake wao walitutania sisi watu wa mto. "Nyinyi harufu yenu inafika kwanza, nyinyi mnafuata." Nasi tuliwajibu kwamba wao wanawajua ng'ombe kwa majina kuliko waume zao. Hatukuwa ndugu, lakini tulicheka.

Kuna kitu kimoja alichokipika ambacho lazima nikieleze vizuri. Alichukua kambare, akamkausha kwa moshi siku nyingi juu ya mafiga mpaka akawa mgumu kama mti. Kisha alimparura kwa kisu, vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, akavimwaga katika maji yanayochemka, akahesabu pumzi zake kidogo, akachuja kwa kitambaa. Yaliyobaki yalikuwa maji. Yana rangi ya jua la asubuhi, safi, ukitazama ndani unaona chini ya bakuli. Hayana mfupa wala gamba, na mafuta hayaelei juu. Sisi tuliyaita maji ya moto. Kila alichopika kilianzia hapo, isipokuwa cha chungu cha tatu, na ukiyanywa matupu, yenye chumvi kidogo, mwili ulikuwa kama umeitwa jina.

Njaa ilianza kwa ng'ombe. Ugonjwa ukapita mbugani, na nyika yote ikanuka. Waorma waliokuwa na mifugo ya kufunika upeo wa macho wakabaki na fimbo. Kisha mvua zikakataa. Mto wetu lazima ufurike ndipo mpunga uote. Usipotoka kitandani mwake, sisi hatuna shamba, tuna ufa tu katika udongo. Mwaka ule haukutoka, na uliofuata haukutoka. Tukachimba mizizi ya mayungiyungi. Tukala na mbegu, huku Mama akilia. Ndugu zangu wawili wadogo tuliwazika katika wiki moja, na Baba akawafuata kwa ndui. Sitaki kueleza zaidi. Mimi ni mtu wa kucheka, na nimejifunza kwamba yapo mambo ambayo ukiyaandika hayatoki, yanaongezeka.

Bandani kwa Bibi hapakuwa na mchele wala unga. Pumba za pipa zilikwisha kuliwa, alizigawa mwenyewe kwa kiganja, zile pumba alizozitoa mbali namna ile. Kilichobaki ni kambare wakavu walioning'inia juu ya mafiga. Mtu mwingine angewala. Yeye aliwaparura, kidogo kila siku, akachemsha maji, na kila aliyefika alipata bakuli. Alisema nyama ya samaki mmoja hushibisha mmoja, lakini maji yake hufika kwa wengi.

Asubuhi moja nilikuwa nimempelekea mizizi niliyopata, na tukaona mwanamke wa Kiorma anakuja kutoka mbugani. Alikuwa mrefu, mifupa ya mabega imetokeza, na mgongoni bado amebeba kibuyu cha maziwa kilichokuwa kitupu. Ubavuni ameshika mtoto wa kike. Nywele za mtoto zilikuwa zimegeuka nyekundu na kichwa kilimlegea. Yule mama hakuingia bandani. Alizunguka, akakaa upande ambao upepo unatoka, kama zamani.

Bibi akachota bakuli, akampelekea. Mama yule hakulipokea. Aliliangalia.

"Mama," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokota, "hapa ndani, samaki iko?"

Nilimtazama Bibi. Mkononi mwake mwingine alikuwa bado ameshika kisu, na kwenye makali palikuwa na vumbi la kambare. Akamtazama mtoto. Akafumba na kufumbua macho.

"Haiko," akasema. "Ni maji na chumvi."

Yule mama akapokea. Akampa mtoto kwanza, tone kwa tone, kwa kidole, kisha kwa mdomo wa bakuli. Yeye alikunywa yaliyobaki.

Walijenga kibanda cha miti kando kidogo, na kila asubuhi wakaja. Kila asubuhi mama akauliza swali lilelile, kwa maneno yaleyale, na kila asubuhi Bibi akajibu lilelile. Alianza kuchuja mara mbili. Alihamisha kambare nyuma ya banda na kuwaparura huko, akaosha kisu kwa majivu. Hakusimama tena mlangoni kutangaza vyungu. Nilimwambia, "Bibi, umefanya vyema, mtoto anakaa mwenyewe sasa, leo amemkimbiza kuku," ingawa kuku hakuwepo, lilikuwa jani tu. Alikula mizizi yake amegeukia ukuta, na hakutoa sauti yoyote.

Mvua zilirudi. Mto ukafurika, na mto ukifurika watu wetu husahau haraka, ni rehema hiyo. Wale Waorma waliosalia wakaondoka kuwatafuta ndugu zao waliookoa ng'ombe. Mama yule alimbeba mtoto mabegani, akamshika Bibi mikono miwili, akaenda.

Walirudi baada ya mavuno. Safari hii walikuwa wengi: mama, mtoto mwenye mashavu sasa, wanawake wengine watatu, na shemeji wa yule mama, mzee mwenye fimbo ndefu na sura ya kuheshimika. Mumewe alikuwa amekufa, na shemeji ndiye aliyewachukua. Kile kibuyu kilikuwa kimejaa. Wapiga pondo walikuwepo, Mama yangu alikuwepo, banda lilijaa. Yule mzee akasimama, akasema kwa utaratibu kwamba wamesikia. Nyakati ambazo mtu na ndugu yake walinyang'anyana mzizi, mwanamke mgeni alimlisha mtoto wao kwa maji na chumvi, wala hakumvunjia mila yake. Maziwa haya ni ya ng'ombe wa kwanza kuzaa. Wameleta kwake kabla hawajaonja wao.

Watu wakaguna kwa furaha. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, ndivyo nilivyo. Bibi alisimama kati ya mafiga, mikono imeshikana mbele ya leso yake.

"Siyo maji na chumvi," akasema.

Nikamvuta leso. Akautoa mkono wangu taratibu.

"Ilikuwa samaki. Kila siku, samaki. Chungu changu hakikuwahi kudanganya mtu, kimemdanganya huyu. Siwezi kunywa maziwa yenu."

Mzee hakukasirika kwa sauti. Alichukua kile kibuyu, akakiinamisha, na maziwa yakamwagika yote chini, meupe juu ya udongo, yakatafuta njia kuelekea mtoni. Akageuka na wanawake wengine watatu wakamfuata. Mbwa wa wapiga pondo akaja kulamba.

Yule mama alibaki nyuma kidogo. Alimsogelea Bibi mpaka nyuso zao zikakaribiana, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama palepale, nilisikia.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Pua yangu haikufa na njaa, Mama. Nilijua siku ya kwanza. Nilikuuliza ili wewe unijibu. Lile jibu lako ndilo nililomlisha mwanangu. Leo umelitwaa, mbele ya shemeji yangu, mbele ya watu." Akamshika mtoto mkono. "Nani alikuuliza leo?"

Akaenda. Mtoto alitembea huku amegeuza shingo, anaangalia maziwa.

Habari mbugani husafiri kwa miguu ya ng'ombe, haina haraka lakini inafika. Tulisikia kwamba yule mama haketi tena na wenzake wakati wa kukamua. Tulisikia watoto wenzake wanamwita yule msichana kwa jina la samaki. Waorma walivushia ng'ombe wao mahali pengine, juu zaidi. Bibi aliendelea kupika kwa muda, lakini mkono wake ulikuwa mzito, chumvi ikazidi, wali ukaungua chini, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Siku aliyofunga banda na kuingia mtumbwini kwenda Kipini, nilimwambia lile nililodhani litamfariji, kwamba alisema kweli, na kweli si dhambi.

"Nilitaka chungu changu kiwe safi," akanijibu. "Nikakisafisha kwa yule mtoto."

Miaka ikaenda. Niliolewa, nikarudi, hiyo ni hadithi nyingine, nikawa nalima shamba la Mama na kuuza maandazi kivukoni. Ndoto ya banda langu ninayo bado, msicheke. Basi kuna siku alikuja mzee wa Kiorma nisiyemjua, akasalimia vizuri, akakaa upande ambao upepo unatoka. Alizungumzia mvua, akazungumzia malisho. Kisha akaniuliza kama ni kweli nilikuwa jirani wa yule mpishi wa zamani.

"Ni kweli, Mzee."

"Kuna msichana anaposwa. Anaposwa na watu wa mbali, watu wangu. Wamesikia neno juu yake. Wewe, binti, ulikuwepo. Katika kile chungu, samaki ilikuwepo?"

Nilikuwa na donge la unga mkononi. Nikalitia kwenye mafuta kwanza, likaelea.

"Haikuwepo, Mzee. Ilikuwa maji na chumvi. Nilikuwa namletea kuni mwenyewe, nilikuwa naona."

"Mbona yule mpishi alisema mwenyewe iko?"

"Yule? Alituambia sisi kwamba alitotolewa na yai. Muulize mtu yeyote mtoni kama aliwahi kusema kweli."

Alinitazama kwa muda. Mimi nilimtazama vilevile. "Nimesikia," akasema hatimaye. "Nitafikisha nilivyosikia." Akainuka.

Sikupata usingizi mzuri mpaka nilipokwenda Kipini kumweleza Bibi. Nilimkuta uani mwa nyumba ya watu, amekaa kwenye kigoda, anakwaruza magamba ya samaki kwa kupapasa, macho yake yamefunikwa na ukungu. Alikuwa akiwapikia wali wa nazi wale wenye nyumba, na amekonda. Alinijua kwa sauti. Alinishika uso wote kwa mikono yenye magamba, akasema nimenenepa, ambayo si kweli. Nikamweleza yote, neno kwa neno, na kadiri nilivyosema ndivyo mikono yake ilivyopunguza kasi.

"Ulimwambia haikuwepo?"

"Nilimwambia."

"Hukupepesa macho?"

"Sikupepesa, Bibi."

"Mimi nilipepesa," akasema. "Ndiyo sababu alijua." Akamwokota samaki mwingine, akamgeuza, akamrudisha chini. "Nao walikuamini?"

"Sijui. Mzee alisema atafikisha."

"Nami sitajua." Hakulia. Alikaa tu, mikono mitupu magotini, mpaka mtu wa nyumba akamwita kwa kelele kwamba nazi bado haijakunwa. Nilipoaga alipapasa pembeni yake, akapata kikapu cha dagaa wakavu, akanisukumia kifuani. "Chukua. Huku wako wengi." Sikumwona tena. Mvua hazijaanza nikasikia amezikwa hukohuko na majirani, na kwamba hawakujua wamwite nani.

Siku hiyo ya kutoka kwake nilipanda mtumbwi mpaka Ngao, kisha nikaja kwa miguu. Nilipokaribia kivuko cha Garsen niliona mbele yangu msafara wa Waorma umepumzika, wanawake na vifurushi vyao, vibuyu vimepangwa kwenye nyasi. Kati yao palikuwa na msichana, mrefu, wa umri ule, amefunikwa kichwa kwa nguo mpya. Alikuwa amenipa mgongo. Angeweza kuwa yeye. Angeweza kuwa mtu mwingine yeyote. Nisingeuliza, maana kwa kuuliza ningeharibu. Lakini njia ilipita kati yao, na ilinibidi nisalimie.

Niliacha njia, nikateremka ukingoni peke yangu. Kikapu nilikisukuma ndani ya matete, mbali. Nikapiga magoti majini, nikateka mchanga, nikasugua viganja, nikasugua kati ya vidole na chini ya kucha, nikasugua mikono mpaka viwiko, na leso mahali kikapu kilipogusa. Nikanusa. Nikateka mchanga mwingine, nikaanza upya.